Kurejesha mikoko si kupanda mikoko

Asubuhi miche inachomekwa topeni, jioni taarifa inatoka: "Tumerejesha mikoko." Hapana, mmepanda. Kurejesha bado.

Maana yenyewe ni fupi: kurejesha mikoko ni kuondoa kilichoufukuza msitu ili uote na kujiendeleza wenyewe. Wanaoishi visiwani wanauhitaji kwa kuwa bahari inapanda na hawana bara la kuhamia. Mizizi hunasa tope na kuinua ardhi kidogo kidogo, na ukanda wa mita 100 tu unaweza kupunguza kimo cha mawimbi kwa asilimia 13 hadi 66.

Sasa litazame neno. Rejea, tulilolipata kwa Waarabu, ni kurudi. Rejesha ni kufanya kitu kirudi. Anayerudi hapa ni msitu, mtu kazi yake ni kuufungulia njia. Kupanda ni tendo la mtu, nalo huisha siku hiyohiyo.

Na mkoko unajua kurudi. Tunda lake huota lingali mtini, likaning'inia kama kijiti kirefu cha kijani chenye ncha. Likidondoka huelea na maji, na likigusa tope lililotulia hutoa mizizi. Mara nyingi basi kinachokosekana si mbegu. Ni maji: ukuta wa bwawa la kufugia kamba wa baharini au tuta la barabara limezuia kujaa na kupwa. Kisiwani Tanakeke, Indonesia, wenyeji walizitoboa kuta za mabwawa yaliyoachwa ili bahari ipite tena.

Kuna na jina lenyewe. Kwa mtu wa pwani mkoko ni mti mmoja, ule wa mizizi iliyojipinda kama miguu. Mchu, mkandaa, msinzi na mlilana kila mmoja una jina lake na mahali pake. Siku hizi yote tunaiita mikoko, halafu tunapanda huo mmoja kila mahali kwa sababu kijiti chake ni rahisi kuchomeka. Tunaupeleka hadi mbele kwenye mawimbi, ambako kwa asili husimama mlilana, au juu ya nyasi bahari ambako hapajawahi kuwa na msitu wa kurejeshwa. Ufilipino, miche iliyopandwa hivyo kwa miaka mingi imebaki hai asilimia 10 hadi 20 tu. Sri Lanka, katika maeneo 23 yaliyopandwa baada ya tsunami ya 2004 na kuchunguzwa, 9 hayakukutwa na mche hata mmoja.

Kupanda si kosa. Pale miti mama ilipo mbali na vijiti havifiki, panda. Ila siku hiyo sema "tumepanda". "Tumerejesha" lisubiri kwanza, mpaka bamvua nyingi, yale maji makuu ya mwezi mpya na mwezi mpevu, zipite na ukute chini ya miti yako miche ambayo hakuna aliyeichomeka.