Kasi, umbali na muda: hesabu zinazowapiga chenga wasafiri wa Mwanza

Kanuni yenyewe fupi: kasi ni umbali kugawanya kwa muda. Kila aliyepita sekondari aliikariri. Kinacholeta taabu ni muda, maana watu huusahau, huusoma vibaya, au huukata ile sehemu isiyowapendeza.

Dhana: Ukienda kwa 60 na kurudi kwa 30, wastani wako ni 45.

Hili ndilo kosa sugu kuliko yote. Tuseme kutoka Mwanza mjini hadi Magu ni kilomita 60 kamili. Umekwenda na pikapu tupu kwa kilomita 60 kwa saa: saa moja. Umerudi na magunia ya mpunga kwa 30: saa mbili. Jumla ni kilomita 120 kwa saa tatu, yaani wastani wa 40. Ile 45 ingekuwa sahihi kama ungetumia muda sawa katika kila kasi, lakini mwendo wa pole umekula saa mbili na wa haraka saa moja tu.

Sasa geuza. Umekwenda kwa 30, unataka kurudi kwa kasi itakayofanya wastani wa safari nzima uwe 60. Wengi hujibu 90. Jibu ni kwamba haiwezekani: kilomita 120 kwa wastani wa 60 zinataka saa mbili, na hizo umeshazimaliza kwenye kwenda. Hata ndege isingekuokoa.

Dhana: Kila ukiongeza 20 kwenye mshale wa kasi, unaokoa muda uleule.

Kwa kilomita zilezile 60, kutoka 20 hadi 40 unaokoa dakika 90. Kutoka 80, ambayo ndiyo kikomo cha mabasi ya abiria barabara kuu, hadi 100, unaokoa dakika 9. Na kwa dakika hizo 9, umbali wa kusimama baada ya kukanyaga breki unaongezeka kwa zaidi ya nusu, kwa sababu unakua kwa kipeo cha pili cha kasi. Mimi naona ni biashara mbaya.

Dhana: Gari likisimama, hesabu nayo inasimama.

Waliokuwa wakivuka Ziwa Victoria kutoka Kigongo kwenda Busisi kwa kivuko wanajua. Maji yenyewe ni mafupi. Kilichoua safari ni foleni. Basi lililokimbia saa moja kwa 60, kisha likangoja kivuko saa moja, lina wastani wa 30, hata kama dereva ataapa kwamba mshale haukushuka chini ya 60 barabarani. Mshale huonyesha kasi ya wakati huo tu. Tangu daraja la hapo lifunguliwe Juni 2025, kilomita zake kama 3 kwa mwendo wa 50 ni dakika 3.6.

Ambazo si dakika 3 na sekunde 6, bali dakika 3 na sekunde 36. Vivyo hivyo saa moja na nusu ni 1.5, si 1.3. Wanafunzi hupoteza alama nyingi hapa.

Dhana: Sekunde kati ya radi na ngurumo ndizo kilomita.

Mwanga hufika papo hapo, sauti hutambaa kwa takriban mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo kila kilomita inataka kama sekunde tatu. Mvuvi wa dagaa akihesabu tisa, radi iko kilomita 3, si 9. Mtumbwi wa injini unaokwenda 15 kwa saa unahitaji dakika 12 kufika mwalo ulio kilomita 3. Wingu linalomjia kwa 30 linaumaliza umbali huohuo kwa dakika 6. Tena radi huweza kupiga zaidi ya kilomita 10 kutoka kwenye mvua yake, hivyo ngurumo ikisikika tu, nyavu zipandishwe.