Ustahimilivu wa mafuta ya mashine dhidi ya mionzi

Kinu cha nyuklia kina pampu, vali na mota zinazohitaji oili na grisi kama mashine nyingine yoyote. Lakini baadhi yake ziko mahali penye mionzi ya gama, ambapo fundi haingii apendavyo kwenda kubadilisha mafuta. Kwa hiyo lazima ijulikane mapema: mafuta haya yatapokea mionzi kiasi gani kabla hayajaharibika? Kiasi hicho ndicho ustahimilivu wake.

Hupimwa kwa grei, yaani jouli 1 ya nishati katika kila kilo. Binadamu akipata grei 4 au 5 mwili mzima kwa mara moja, asipotibiwa huenda akafa. Oili ya kawaida itokanayo na mafuta ghafi huvumilia hadi karibu grei milioni 1.

Mionzi hukata vifungo vya kaboni na haidrojeni. Molekuli zilizokatwa huungana ovyo na kuwa kubwa, mafuta yakazidi kuwa mazito. Gesi ya haidrojeni hutoka, na palipo na hewa asidi huongezeka. Grisi ndiyo inayodanganya zaidi. Kwanza huwa nyepesi hata ikavuja, kwa sababu sabuni inayoshikilia mafuta ndani yake imevunjika. Mionzi ikiendelea, mafuta yenyewe huganda na beringi hukwama. Anayeona grisi nyepesi akadhani bado inalainisha vizuri anajihatarisha.

Mafuta yanayodumu ni yale ambayo molekuli zake zina pete za kaboni 6, kwa kuwa pete hizo hupokea nishati na kuitawanya bila kukatika. Polifenili etha, oili ya kutengenezwa iliyojaa pete hizo, hufikia grei milioni 10 hivi. Silikoni ya kawaida, inayosifiwa sana kwenye joto, huganda mapema mno. Teflon nayo haifai kabisa: husagika na kutoa florini inayobabua metali.

Wengi huamini kwamba mafuta yaliyopigwa na mionzi ya gama huwa na mionzi yenyewe. Si kweli. Nyutroni, chembe zinazotoka kwenye atomu ndani ya kinu, ndizo zinazoweza kufanya hivyo: zinki iliyotiwa kwenye oili kuzuia vyuma visilike hugeuka zinki-65, yaani zinki inayotoa mionzi, ambayo huchukua siku 244 hivi kupungua kwa nusu. Karibu na kiini cha kinu ni afadhali kutumia vilainishi vikavu kama grafiti.