Mkinipa projekta, nipeni na mtu wa kuiwasha

"Nembo yetu itakaa wapi?" Swali hilo limefika tena, safari hii kwenye barua ya kampuni inayotaka ubia na tamasha letu la sanaa za kidijitali. Barua nzima ilikuwa na hilo tu, pamoja na kiasi cha fedha. Wasanii nao huniandikia vivyo hivyo: tutafutie mdhamini, mengine tutajua wenyewe. Nimechoka kujibu mmoja mmoja, kwa hiyo naandika hapa.

Tazameni Ars Electronica, tamasha la sanaa na teknolojia, ilivyoanza Linz, Austria, mwaka 1979. Hannes Leopoldseder, mmoja wa waasisi wake, alikuwa mkuu wa ORF, shirika la utangazaji, katika jimbo lile. Kwenye onyesho la Klangwolke, Simfonia ya Nane ya mtunzi wa muziki Bruckner ilisikika kando ya mto Danube, na wakazi wakaombwa waweke redio madirishani ili mji mzima usikie. Liondoe shirika la utangazaji hapo, uone kama kuna kazi inayobaki. Ubia ninaoutaka ni huo: mshirika anashika sehemu ya kazi ambayo bila yeye haifanyiki.

Fedha tunazihitaji, sikatai. Lakini mara nyingi kinachotukwamisha ni chumba kinachoweza kutiwa giza, umeme usioyumba, na siku za kutosha za kufunga vifaa kabla watazamaji hawajaingia.

Mtu anasema, "Tutawapa projekta." Asante, lakini ina lenzi gani? Picha ikiwa na upana wa mita 4 na lenzi ikawa ya uwiano wa 1.5 (yaani umbali ni mara 1.5 ya upana wa picha), projekta inapaswa kukaa mita 6 kutoka ukutani. Chumba kikiwa na mita 5, msaada huo utabaki ndani ya boksi. Kisha kuna taa. Zile za kawaida hudumu saa elfu chache tu. Tukiwasha saa 10 kwa siku kwa mwezi mmoja, tumeshakula saa 300. Nani atalipia taa mpya? Na asubuhi nani atawasha? Nimeona kazi nzuri ikifunikwa na ujumbe wa kompyuta unaoomba isasishwe, mchana kweupe, watu wamesimama mbele yake wakidhani ndiyo sanaa yenyewe, na msanii keshapanda ndege. Hakuna aliyekuwa na nywila. Ndiyo maana sisaini makubaliano yasiyo na jina la fundi, namba yake ya simu, saa zake za zamu, na mahali ufunguo wa chumba unapokaa.

Bima na forodha: mwoneni mwanasheria mapema, basi.

Kinachoniudhi zaidi ni mshirika anayetoa seva au programu halafu anataka kazi ya msanii igeuke tangazo la bidhaa yake, au anadai msimbo wa kompyuta unaoendesha kazi hiyo uwe mali yake. Mkataba useme wazi: kazi ni ya msanii, msimbo ni wake, na mshirika ana ruhusa ya kutumia picha za onyesho kwa muda uliotajwa. Mambo haya yaandikwe kabla ya kifaa chochote kushushwa garini.

Bado kuna jambo linalonisumbua. Kwa miaka mingi nimefuata kanuni kwamba kamati imalize kuchagua kazi kwanza, ndipo tuzungumze na washirika, ili asiwepo mwenye vifaa wa kuchagua sanaa. Nadhani kanuni hiyo imetulinda. Lakini 9 Evenings, maonyesho ya sanaa na uhandisi ya New York, Oktoba 1966, yasingewezekana chini yake. Billy Klüver, mhandisi wa maabara ya utafiti ya Bell Labs, na msanii Robert Rauschenberg waliwakutanisha wasanii 10 na wahandisi wapatao 30 miezi mingi kabla, wakati kazi zenyewe hazijapata umbo. Mhandisi akiletwa mwishoni, anakuta kila kitu kimeshaamuliwa. Anabaki wa kuvuta nyaya tu, na ujuzi wake wote tumeupoteza.

Kwa hiyo tamasha lijalo nitaacha nafasi chache wazi. Msanii atachaguliwa na kamati bila kazi iliyokamilika, kisha atakaa na wahandisi wa mshirika tangu siku ya kwanza, na kura ya mwisho itabaki kwa msanii. Mshirika atakayekubali kifungu hicho, nembo yake nitaiweka popote anapotaka.