Dakika nane kutoka Mto Ottawa

Nachora katuni za kufundishia, na kila anayekuja kujifunza kwangu humwonesha kwanza Cosmic Zoom, filamu ya Kanada iliyoongozwa na Eva Szasz mwaka 1968. Mvulana anapiga makasia Mto Ottawa, mbwa wake yumo mashuani. Picha inaganda, kisha kamera inapaa: mto unakuwa uzi, Dunia inakuwa gololi, mwishowe galaksi nazo zinageuka vumbi. Hakuna anayesema neno, kwa hiyo hakuna cha kutafsiri.

Filamu ina dakika nane hivi. Nuru ya Jua nayo hutufikia kwa dakika nane na ushei. Kamera hiyo ingekimbia kwa kasi ya nuru tangu mwanzo, filamu ingeisha kabla hata ya kulifikia Jua! Ndiyo maana inafuata wazo la mwalimu Mholanzi, Kees Boeke, katika kitabu chake cha 1957: kila picha ioneshe upana mara 10 ya iliyotangulia.

Anza na upana wa mita 1. Ukizidisha kwa 10 mara 8 mfululizo, Dunia nzima imeenea. Mara 9, njia ya Mwezi imeingia. Mara 13, ya Neptuni. Halafu utupu. Nyota jirani iko miaka 4.2 ya nuru, hivyo unazidisha tena na tena huku Jua likififia peke yake. Hapo wanafunzi hutaka kupachika nyota zinazopita karibu na kamera. Nawakatalia kabisa, maana tutakuwa tumemdanganya mtoto kuhusu umbali.

Ugumu wa kazi hii uko kwenye mwendo. Kamera ikirudi nyuma sentimita zilezile kila fremu, picha itaanza kwa kufyatuka na kuishia kutambaa. Lazima hatua zikue kwa uwiano. Na kila mchoro ubebe ule uliotangulia katikati yake, rangi zikilingana, la sivyo jicho linashtuka kwenye kiungo.

Kisha tunarudi mtoni. Mbu ametua mkononi mwa mvulana, na kupitia kwake tunazama kwenye damu, hadi kiini cha atomu. Mlango huu naupenda kuliko galaksi zote. Nilipoionesha filamu kwa watoto wa darasa la tatu, walikuwa wametulia tuli muda wote wa nyota. Mbu alipotokea, nusu ya darasa walijipiga mikononi.