Picha za harusi Mtwara na Lindi mipango ikivurugika: dhana potofu na ukweli

Harusi za kusini hujazana nyakati mbili: korosho zikishauzwa, na Mfungo Mosi, Ramadhani ikiisha. Mvua nazo ni za msimu mmoja, takriban Desemba hadi Aprili. Kwa kuwa miezi ya Kiislamu hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka, Mfungo Mosi wa 2026 uliangukia Machi na Aprili, mvua ikiwa imepamba moto. Kwa hiyo mengi yanayoitwa dharura siku ya harusi yalijulikana mapema. Shida ni yale watu wanayoyaamini.

"Ufukwe upo tu, tutashuka saa 11 jioni"

Haupo siku zote. Wakati wa bamvua, yaani siku za maji makubwa, tofauti ya maji kupwa na kujaa katika pwani hii hupita mita 3, na maji hujaa takriban saa 10 alfajiri na tena saa 10 alasiri. Msafara ukifika ufukwe wa Shangani, Mtwara, saa 11, maji ndiyo kwanza yanaanza kurudi. Mchanga uliobaki ni ukanda mwembamba, ndugu wanabanana, na pindo la shela linalowa kabla picha ya tatu haijapigwa. Siku za maji mafu, yaani yasiyopanda wala kushuka sana, mambo hugeuka: saa hizo maji yamekupwa, na huko Mikindani mbele ya maharusi kunabaki tope na mikoko.

Bamvua huja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu. Kwa hiyo harusi iliyopangwa tarehe 1 au 15 ya mwezi wa Kiislamu ni harusi ya bamvua. Kila siku maji huchelewa kama dakika 50, hivyo kusogeza harusi kutoka Jumamosi hadi Jumapili hakubadilishi sana, lakini kuisogeza wiki nzima kunageuza kila kitu. Kamati ikihamisha tarehe, muulize mvuvi maji yatakuwaje kabla ya kuahidi ufukwe.

"Tutapata jua likizama baharini"

Bahari yetu iko mashariki. Jua linatua upande wa nchi kavu, na pale Lindi mjini vilima vya nyuma ya mji hulimeza kabla ya saa yake. Anayeitaka kweli picha hiyo avuke maji: kutoka Kitunda, ng'ambo ya Lindi, au Msangamkuu, ng'ambo ya bandari ya Mtwara, unatazama magharibi na maji yako mbele yako. Uliza kwanza kivuko cha mwisho kinarudi saa ngapi, maana bibi harusi kulala ng'ambo si jambo la kumweleza baba yake.

Mei na Juni jua huzama saa 12 na dakika chache. Januari mwishoni ni karibu saa 12 na dakika 50. Likishatua unabakiwa na dakika 20 hivi za mwanga unaofaa. Huku kwetu giza haliji polepole. Kwa hiyo msafara ukichelewa nusu saa, achana na ufukwe mara moja, utafute ukuta mweupe wenye taa. Wapiga picha wengi hupoteza vyote viwili kwa kusitasita hapo.

"Mvua imeharibu picha"

Mawingu yanalainisha mwanga, na nyuso hazipati vivuli vyeusi machoni. Jua la saa 7 mchana ni baya zaidi. Karibu na Oktoba 20 na Februari 21 Mtwara hupata jua la utosini, na hapo hata mtu mzuri huonekana kama hajalala. Mvua ikinyesha, msimamishe bibi harusi barazani, hatua moja ndani ya ukingo wa paa, uso ukitazama nje. Anza na spidi ya shata 1/200 na ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) kati ya 800 na 1600. Ukitaka matone yaonekane, weka flashi nyuma ya maharusi, iwaelekee wao na kamera. Ikiwa upande wako, matone hugeuka madoa meupe juu ya nyuso. Kamera ivishwe kofia ya nailoni ya kuogea, lenzi ikitokeza mbele.

Ukungu kwenye lenzi mara nyingi hautokani na mvua. Unatokana na kiyoyozi cha gari: kioo kilichopoa kikikutana na hewa ya joto yenye unyevu, matone madogo ya maji hutanda juu yake. Kufuta kwa pembe ya kanga hakusaidii, ukungu utarudi mpaka kioo kipate joto. Zima kiyoyozi dakika 20 hadi 30 kabla ya kufika, au acha kamera kwenye begi lililofungwa, ndani ya buti.

Na kamera ikilowa, mchele hauikaushi, unaiongezea vumbi la wanga tu. Izime, toa betri na kadi, iweke kwenye chombo kinachofunga vizuri pamoja na vipakiti vya silika, saa 48, bila kuijaribu katikati. Maji ya bahari ni kesi nyingine: hata yakikauka chumvi hubaki na kula saketi, kwa hiyo ipelekwe kwa fundi haraka.

"Umeme ukikatika, flashi inatosha"

Inatosha ikiwa dari ni nyeupe na fupi, mwanga ukaigonga na kurudi. Paa la makuti linameza mwanga, na vitambaa vya zambarau vya mapambo vinawarudishia maharusi uso wa zambarau. Chukua stendi mbili, weka flashi pembeni juu ya vichwa vya watu, 1/8 au 1/16 ya nguvu yake yote ili betri zidumu, na kila flashi iwe na seti mbili za betri.

Kuna tatizo la pili ambalo watu hudhani ni ubovu wa kamera: mistari ya giza inayokata picha chini ya taa za LED. Umeme wetu ni wa hezi 50 na taa nyingi hupepesa mara 100 kwa sekunde. Spidi ya 1/50 au 1/100, pamoja na shata ya kawaida badala ya ile ya kimya (ya kielektroniki), kwa kawaida huiondoa. Jenereta ikiwa inakohoa, hezi zake zinapanda na kushuka na mistari inarudi. Hapo tegemea flashi zako.

"Mpiga picha mmoja anamaliza"

Ndoa inafungwa msikitini, bibi harusi yuko nyumbani. Mmoja hawezi kuwa sehemu mbili, hasa shehe akianza mapema au barabara ikijaa maji. Isitoshe, kule ndani kwa wanawake, walikovua mitandio na kungwi anamalizia kazi yake, mpiga picha mwanamume haingii. Mwanamke mwenye kamera ya kawaida anayeingia ni bora kuliko bingwa aliyesimama uani.

"Muda ukibana, picha za ndugu tutazipunguza tu"

Zipunguze, ila ujue unayemkata. Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera kwa mila huhesabu ukoo upande wa mama, na mjomba ana kiti chake. Unaweza kuacha marafiki wa kazini, lakini si mjomba. Kila kundi hula kama dakika 3, hivyo makundi 8 ni karibu nusu saa. Orodha iandikwe siku iliyotangulia, ashike shangazi mwenye sauti anayewajua watu, aite majina. Wazee watangulie, ili wakishapigwa wakakae kivulini.

"Kadi imeharibika, picha zimepotea"

Zinapotea hasa kwa sababu mtu aliendelea kupiga au alikubali kufomati. Kadi ikileta ujumbe wa hitilafu, itoe, iweke mfuko mwingine, endelea na kadi mpya. Programu za kurejesha mafaili huweza kuzipata kwa sehemu kubwa ikiwa hakuna kilichoandikwa juu yake. Kamera yenye nafasi mbili za kadi iwekwe iandike kadi zote mbili kwa pamoja, na usiku huohuo, kabla ya kulala, picha ziingie kwenye kompyuta na diski ya nje.