Kwa nini vena zisizo za kawaida kwenye ubongo haziondolewi?

Mtu wa Newala au Nachingwea akipigwa picha ya kichwa kwa sababu ya maumivu, anaweza kurudi na ripoti inayosema ana hitilafu ya kimaumbile ya vena (mishipa inayorudisha damu kwenye moyo) kwenye ubongo. Nyumbani shauri huwa moja: apelekwe Dar es Salaam, mshipa utolewe kabla haujapasuka. Shauri hilo lina upendo, ila limekosea mahali pawili. Mshipa huo si uvimbe, na ndio unaoondoa damu iliyokwisha kutumika kutoka sehemu ya ubongo iliyo nzima kabisa.

Hitilafu hii mtu huzaliwa nayo, na ndiyo inayokutwa zaidi kati ya hitilafu zote za mishipa ya ubongo. Katika uchunguzi wa maiti 4,069 uliochapishwa mwaka 1978, ilipatikana kwa asilimia 2.6. Wengi wanaoishi nayo hawaijui maisha yao yote.

Kwenye picha ya MRI (kipimo cha sumaku) iliyopigwa kwa dawa ya kung'arisha mishipa huonekana vizuri ajabu: vena nyembamba kutoka pande zote za sehemu nyeupe ya ubongo zinakutana kwenye vena moja nene. Hiyo nene hupeleka damu juu ya ubongo au ndani kabisa, na mwishowe damu hushuka kwenye vena kubwa za shingo.

Chukua Mto Lukuledi, unaoingia baharini Lindi. Tuseme vijito vya bonde moja havikupata njia zao za kawaida, vyote vikaangukia mfereji mmoja. Kwenye ramani mfereji huo ni kituko, lakini maji ya mashamba yanatoka vizuri. Ukiuziba, maji hayapotei, yanarudi mashambani. Kwenye ubongo ni vivyo hivyo. Ateri, mishipa inayoleta damu kutoka moyoni, zinaendelea kuileta, kutokea hakuna, presha inapanda kwenye kapilari, vile vimishipa vidogo sana kati ya ateri na vena, maji yanavuja, tishu inavimba, kisha inavuja damu na kufa. Hicho ni kiharusi, na kiliwapata baadhi ya waliotolewa vena hizo zamani.

Kwa nini zijipange hivyo? Inadhaniwa njia za kawaida zilishindwa kukua mtoto akiwa tumboni, vena zilizobaki zikabeba mzigo.

Damu ikivuja jirani ya vena hizi, wa kwanza kushukiwa ni kavenoma, kifundo cha mishipa iliyotanuka yenye kuta dhaifu ambacho mara nyingi huota karibu nazo. Kwa hiyo muulize daktari kama MRI ilijumuisha picha zinazoonyesha mabaki ya damu ya zamani, maana kavenoma ndogo hujificha kwenye picha nyingine. CT-Scan (kipimo cha eksirei) bila dawa inaweza kuikosa hata vena yenyewe. Kavenoma ikilazimu kutolewa, daktari wa upasuaji huiacha ile vena nene mahali pake.

Hitilafu hii ya vena isichanganywe na ile ambayo ateri imeungana moja kwa moja na vena bila kapilari. Hapo damu inakuja na presha kubwa, hatari ya kupasuka ni ya kweli, na matibabu ni mengine kabisa.

Mara chache damu huganda ndani ya ile vena nene. Maumivu makali ya ghafla ya kichwa, degedege, kupooza upande mmoja au ulimi kuwa mzito: hayo hayasubiri asubuhi, awe Mtwara mjini au Liwale. Mgonjwa apelekwe hospitali saa ileile, na ripoti pamoja na picha za zamani ziende naye.