"Weusi hawapendi mawe": dhana potofu kuhusu rangi katika idara za jiolojia

Dhana: Idara za jiolojia Marekani zimejaa Wazungu kwa sababu Weusi hawavutiwi na fani hiyo.

Naanza na hii kwa sababu ndiyo inayoniuma zaidi. Mwaka 1942 Marguerite Thomas Williams alitunukiwa shahada ya uzamivu ya jiolojia na Catholic University of America, Washington. Hakuna Mmarekani Mweusi aliyewahi kuipata kabla yake, awe mwanamke au mwanaume. Alichunguza bonde la mto Anacostia, akaonyesha kwamba ukataji miti, kilimo na ukuaji wa mji viliharakisha mmomonyoko wa udongo. Mwanaume Mweusi wa kwanza, Mack Gipson, aliipata shahada hiyo mwaka 1963, miaka 21 baadaye. Mwaka 1981 akawa miongoni mwa walioanzisha chama cha wanajiolojia na wanajiofizikia Weusi wa Marekani. Hamu ilikuwepo tangu zamani.

Na sisi Watanzania tunayo Tendaguru yetu, kilima kule Lindi. Kuanzia 1909 hadi 1913 msafara wa Wajerumani ulifukua mifupa ya dainosari pale, lakini waliopiga sururu, wakasafisha mifupa na kuifunga walikuwa Waafrika, chini ya msimamizi wao Boheti bin Amrani. Wapagazi waliibeba kwa miguu, mwendo wa siku kadhaa, hadi bandari ya Lindi. Leo dainosari mmoja wa huko amesimamishwa katika jumba la makumbusho Berlin, kimo chake zaidi ya mita 13. Jina la Boheti liliingia katika orodha ya sayansi mwaka 2007, dainosari mwingine alipoitwa Australodocus bohetii. Karibu karne nzima! Aliyejua jiwe linaishia wapi na mfupa unaanzia wapi alihesabiwa kibarua tu.

Dhana: Tuwe na subira, hali inajirekebisha yenyewe.

Mwaka 2018 Rachel Bernard na Emily Cooperdock walichapisha katika jarida la Nature Geoscience uchambuzi wa shahada za uzamivu za sayansi za dunia zilizotolewa Marekani kwa zaidi ya miaka 40. Wanawake walikuwa wameongezeka sana. Kwa upande wa rangi na kabila, hakuna hatua ya maana iliyopigwa. Kwa hiyo muda peke yake haujatibu kitu.

Dhana: Mbona wapo wanafunzi kutoka Kenya, Nigeria na Tanzania?

Wapo, na tunawafurahia. Ila uchambuzi huo ulihusu raia na wakaazi wa kudumu wa Marekani. Kijana wa Morogoro aliyepata ufadhili hazibi pengo la binti aliyezaliwa Baltimore.

Dhana: Fildi, yaani mafunzo ya nje kwenye miamba, ni ile ile kwa kila mtu, mwamba haubagui.

Mwamba haubagui, ni kweli. Lakini kuufikia kuna gharama. Idara nyingi humtaka mwanafunzi apige kambi ya fildi wiki kadhaa wakati wa likizo ya kiangazi, na ada yake hufika maelfu ya dola. Ongeza buti, hema, nyundo, dira na lenzi. Ongeza pia mshahara wa kibarua cha likizo anaoukosa, ambao pengine ndio uliokuwa umlipie kodi ya chumba.

Kisha kuna usalama, jambo ambalo wasimamizi wengi hawakulifikiria kwa sababu halijawahi kuwagusa. Kijana Mweusi ameinama peke yake kando ya barabara ya mashambani, nyundo mkononi, anagonga mwamba na kuandika daftarini. Gari linapunguza mwendo, dereva anamkazia macho, anatoa simu. Februari 2020, jimboni Georgia, kijana Mweusi Ahmaud Arbery alikuwa akikimbia mazoezi tu, akafukuzwa na kupigwa risasi akafa. Mwanafunzi wetu anaijua habari hiyo anapoinua nyundo.

Yapo ya kufanya, na si magumu. Asitumwe peke yake. Wenye ardhi waarifiwe mapema. Apewe barua ya idara, kizibao na gari vyenye nembo ya chuo. Na akisema "hapa sijisikii salama", kazi isimame bila kumpunguzia alama.

Dhana: Kuwafungulia mlango ni kushusha viwango.

Fort Valley State University, chuo cha kihistoria cha Weusi huko Georgia, kina mpango ulioanza mwaka 1983. Mwanafunzi husoma pale miaka mitatu, hisabati au kemia kwa mfano, kisha miaka miwili katika chuo kikuu mshirika, akichukua jiolojia, jiofizikia au uhandisi. Huko hukaa darasa moja na wenzake wote, hufanya mitihani ile ile, na hutoka na shahada mbili.